Waliopiga Kura ya Nyekundu

Kuna swali ambalo watu wa rika langu hawaulizani sana: mwaka 2010, kwenu mlikuwa rangi gani? Tunaulizana kabila kwa ujanja, tunaulizana shule, tunaulizana ulikuwa wapi tarehe 25 Juni 2024. Lakini kijani ama nyekundu, hakuna anayeuliza. Labda ni kwa sababu siku hizi kila mtu ni kijani. Katiba imekuwa kama Harambee Stars ikishinda mechi: ghafla wote tulikuwa mashabiki tangu zamani.

Kwetu Kangemi tulikuwa nyekundu. Nilikuwa na miaka 11, sikuwa na kura, lakini hoja zote mbili nilizijua kwa kichwa kwa sababu mchungaji wetu alizirudia kila Jumapili: Katiba mpya itahalalisha uavyaji mimba, na italeta mahakama za Kadhi. Mama alipiga Hapana. Jirani yetu wa ploti, mama Mwislamu aliyetuuzia mahamri asubuhi, alipiga Ndio. Kwa wiki kadhaa hao wawili, waliokuwa wakikopeshana hadi makaa, walisalimiana kwa adabu tu, kama watu waliokutana benki. Halafu kura ikaisha na makaa yakaanza kutembea tena.

Nimelifikiria jambo hili sana miaka hii ambayo Nairobi nzima inaongea kuhusu Mahakama ya Juu ya Marekani. Utasikia kwenye matatu ya Waiyaki Way mtu akichambua uamuzi wa Dobbs wa tarehe 24 Juni 2022, ule uliofuta Roe dhidi ya Wade ya 1973, kama vile Washington ni stage inayofuata baada ya Westlands. Mtu huyo huyo ukimwuliza kesi ya Njoya ya 2004 ilisema nini, anakuangalia tu. Tumekopa hata mgawanyiko wao: huyu ni liberali, yule ni mhafidhina. Ila hilo neno la pili, kwa Kiswahili, linauliza swali lake lenyewe. Mhafidhina ni mtu anayehifadhi. Sawa, anahifadhi nini?

Mhafidhina wa Marekani ana jibu. Ana katiba iliyoandikwa mwaka 1787, na anataka majaji waisome kama ilivyoandikwa bila kuongeza chumvi. Kwa ajili hiyo wenzake walijipanga kwa subira: Federalist Society, chama cha mawakili na wanafunzi wa sheria, kilianzishwa mwaka 1982, na ilichukua miaka 40 kufika Dobbs. Katiba yetu ni ya 2010. Inawezekana wewe unayesoma hapa umeizidi umri. Na wale tunaowaita wahafidhina wetu, yaani makanisa, mawakili Wakristo na wanasiasa wanaofungua mkutano kwa maombi, hawakuiandika wala hawakuililia. Waliipiga vita nchi nzima. Sasa ndio wanaoishika kifuani kuliko mtu yeyote. Ilikuwaje?

Lazima turudi nyuma kidogo, mahali ambapo wengi wetu hatupajui, yaani wakati ambapo kanisa Kenya ndilo lilikuwa upinzani.

Mwaka 1988 KANU ilitumia mlolongo. Katika uteuzi wa chama, ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako ama picha yake, watu wakahesabiwa mchana peupe, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa ameshapita bila kupingwa. Wazee wetu wanakumbuka foleni fupi zikitangazwa ndefu. Waliopinga wazi hawakuwa wabunge. Walikuwa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, na watu kama Askofu Henry Okullu wa Maseno, Askofu Alexander Muge wa Eldoret, na Kasisi Timothy Njoya wa Presbyterian. Hoja yao ilikuwa ya kihafidhina kabisa ukiitazama vizuri: kuhesabu watu kwa uongo ni dhambi. Wakati ule maadili ya kitaifa yalihusu nani amehesabu kura na amehesabu vipi.

Mahakama hazikuwa za kukimbilia. Mwaka huohuo wa 1988 Katiba ilibadilishwa ili majaji waweze kufutwa bila ulinzi. Ulinzi huo ulirudishwa 1990, lakini tabia haikurudi haraka hivyo. Kenneth Matiba alipopinga ushindi wa Moi wa 1992, kesi ilitupwa kwa sababu hakutia sahihi mwenyewe. Mtu aliyepata kiharusi akiwa kizuizini, mkewe akamtilia sahihi kwa mamlaka aliyompa kisheria, mahakama ikasema hapana, mkono uwe wako. Mwai Kibaki alipopinga ule wa 1997, ikaambiwa kwamba Moi hakukabidhiwa karatasi za kesi ana kwa ana. Hebu jaribu wewe kumkabidhi Rais wa Kenya bahasha mkononi. Hao walinzi wangekuacha ufike na bahasha ama ufike na meno?

Basi ndiyo maana makasisi walienda barabarani. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa la All Saints, pale karibu na Uhuru Park, wakapiga watu waliokuwa wakidai mageuzi, Njoya akiwemo. Juni 1999 akapigwa tena, nje ya Bunge, na magenge ya vijana wa serikali. Desemba mwaka huo viongozi wa dini wakakusanyika Ufungamano House, State House Road, wakaamua kuanza mchakato wao wenyewe wa kuandika Katiba, bila kumngoja Moi. Nilipokuwa chuo, kabla sijaacha, nilipita pale kila siku na sikujua. Ni jumba la kawaida tu, unaweza kudhani ni hosteli. Ndani yake walikaa Wakatoliki, Waprotestanti, Waislamu na Wahindu kwenye meza moja. Sijui jambo lingine la siasa hapa Kenya lililowahi kukusanya dini zote hivyo, kabla ya hapo.

Meza hiyo ilivunjika kwa sababu ya Kadhi.

Hapa niende polepole kidogo, maana mchungaji wetu wa Kangemi aliliruka hili lote. Kadhi hakuletwa na rasimu ya 2010. Mwaka 1895 Waingereza waliingia mkataba na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa pwani wa maili kumi: wao wautawale, ila mila, dini na mahakama za Waislamu ziachwe. Mwaka 1963, Uhuru ukikaribia, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana kwamba ukanda huo utakuwa Kenya, na Kadhi atabaki. Kwa hiyo Kadhi aliingia kwenye Katiba ya kwanza ya Kenya kama sehemu ya bei ya Mombasa, Malindi na Lamu kuwa zetu. Kazi yake ilikuwa na bado ni ndogo: ndoa, talaka, urithi na hali ya mtu, kati ya Waislamu, nao wakikubali wenyewe kwenda kwake. Kama unahifadhi mambo ya kale, sioni jambo la kale kuliko hilo katika sheria zetu zote. Mhafidhina halisi angelilinda.

Lakini kongamano la Bomas lilipoanza 2003, Kadhi alikuwa sasa ishara ya kitu kingine. Ubalozi wa Marekani ulikuwa umelipuliwa katikati ya Nairobi mwaka 1998, New York ilikuwa imepigwa 2001, na hofu ilitafuta mtu wa kukaa juu yake. Mwaka 2004 viongozi wa makanisa walikwenda Mahakama Kuu kutaka Kadhi aondolewe kwenye Katiba.

Mwaka huohuo, mahakama hiyohiyo, Njoya na wenzake walikuwa na kesi nyingine kabisa. Waliuliza: Bunge lina haki gani ya kuandika Katiba mpya peke yake? Tarehe 25 Machi 2004 majaji wakajibu kwamba halina. Bunge linaweza kurekebisha Katiba, lakini kuibadilisha yote ni kazi ya wananchi wenyewe, kwa kura ya maoni. Hebu ona: kasisi mmoja alishinda kesi iliyompa mama yangu karatasi ya kura, na makasisi wengine wakafungua kesi iliyomwambia aitie alama wapi. Kura ya kwanza, ya ndizi na chungwa, ilifanyika Novemba 2005 na rasimu ikaanguka. Kisha ikaja Desemba 2007. Upinzani ulikataa kwenda kortini kwa sababu ulizikumbuka kesi za Matiba na Kibaki, na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Kwa hesabu hiyo, tukafika 2010 tukiwa tumechoka.

Majira ya katikati ya mwaka ule yalienda kasi sana. Tarehe 24 Mei, Mahakama Kuu ikaiamua ile kesi ya 2004, miaka sita baadaye, wiki chache tu kabla ya kura: Kadhi hafai kuwa ndani ya Katiba ya nchi isiyo na dini rasmi. Kwa upande wa nyekundu ilikuwa kama goli la dakika ya 89. Tarehe 13 Juni, kwenye mkutano wa maombi wa upande wa Hapana Uhuru Park, milipuko ikaua watu. Siku chache kabla yake Joe Biden, akiwa Makamu wa Rais wa Marekani, alikuwa amesimama KICC akiwahimiza Wakenya wakamilishe mageuzi. Huko kwao, wabunge wa Republican wakiongozwa na Chris Smith wa New Jersey wakawaka: fedha za misaada za Marekani zinatumika kuunga mkono rasimu inayogusa uavyaji mimba, na sheria yao inakataza fedha hizo kutumika kushawishi watu juu ya jambo hilo. Shirika la mawakili wa kihafidhina lililoanzishwa na mhubiri Pat Robertson, ACLJ, nalo likafungua tawi hapa Nairobi na kushikilia upande wa Hapana. Kwa hiyo wakati mama yangu na mama wa mahamri walikuwa hawaongei, Wamarekani wa vyama vyote viwili walikuwa wanaongea kwa niaba yao.

Sipendi ile hadithi rahisi kwamba wahafidhina wetu ni vibaraka wa Wazungu. Inatolewa na upande wa kijani, ambao wenyewe ulikuwa na wafadhili wa kutosha. Kardinali John Njue na Kanoni Peter Karanja wa NCCK hawakuhitaji mtu wa New Jersey kuwaambia wanaamini nini kuhusu mimba. Ninachoona ni kitu kingine: ile sauti iliyokuwa ikiuliza "nani alihesabu kura?" iliacha kuuliza. Upande wa Hapana alikuwepo Moi, mzee yuleyule wa mlolongo. Alikuwepo pia William Ruto, waziri wa Elimu ya Juu wakati huo, ndiye msemaji mkali kuliko wote. Okullu na Muge walikuwa wameshafariki. Sijui wangeketi wapi kwenye jukwaa hilo.

Tarehe 4 Agosti kijani kikashinda kwa karibu asilimia 67. Kati ya mikoa yote, Bonde la Ufa pekee lilikataa. Tarehe 27 Katiba ikazinduliwa palepale Uhuru Park.

Na sasa tunafika kwenye jambo ambalo hakuna mchungaji aliyetuambia, kwa sababu pengine hakuna aliyekuwa ameisoma rasimu hadi mwisho. Ile Katiba ya kijani ilikuwa imejaa vitu vyekundu. Utangulizi wake unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu na unamalizika kwa kuomba baraka zake. Kifungu cha 26 kinasema uhai unaanza mimba inapotungwa, kisha kinaruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona maisha ama afya ya mama iko hatarini. Sentensi hizo mbili zinavutana hadi leo. Kifungu cha 45 kinasema mtu mzima ana haki ya kuoa ama kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Na Kifungu cha 10 kinaorodhesha maadili ya kitaifa. Utu, usawa, haki, uadilifu, vyote viko humo, ila hakielezi hata neno moja kati ya hayo lina maana gani. Kazi hiyo kimemwachia jaji.

Upande wa nyekundu ulilielewa hili mapema kuliko sisi. Hapo ndipo nawavulia kofia. Walikosea kuhusu Kadhi: miaka imepita na hakuna Mkristo wa Kangemi aliyepelekwa kwake. Lakini waliona kwamba kuanzia 2010 maadili yatapiganiwa kortini, na wakaenda kortini. Mwanzoni walienda kwa kelele tu. Mwaka 2011 Willy Mutunga alipoteuliwa Jaji Mkuu, mjadala mkubwa makanisani ulikuwa kipuli chake cha sikio. Nje ya jengo lenyewe la mahakama, City Hall Way, kuna sanamu ya mtoto aliye uchi wa mnyama tangu enzi za mkoloni, na sijawahi kusikia askofu akiilalamikia. Baadaye wakajifunza. Katika kesi ya kutaka vifungu vya sheria ya adhabu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja vifutwe, Kenya Christian Professionals Forum iliingia kama mhusika. Tarehe 24 Mei 2019, miaka tisa kamili tangu ile hukumu ya Kadhi, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta, na nguzo moja kuu ya hoja yake ilikuwa Kifungu cha 45. Waliopiga nyekundu walishinda kwa kutumia karatasi ya kijani.

Uchaguzi nao ukafuata njia hiyo. David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, ni mzee wa kanisa la Waadventista Wasabato, na alipohojiwa kwa kazi hiyo mwaka 2016 alisema wazi kwamba Jumamosi hafanyi kazi ya korti. Kwa vipimo vyovyote vya kanisani kwetu huyo ndiye mhafidhina. Tarehe 1 Septemba 2017 akasoma uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili: uchaguzi wa Rais umefutwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika. Uhuru Kenyatta alienda soko la Burma siku hiyohiyo akawaita Maraga na wenzake wakora. Ukiniuliza, hapo ndipo roho ya 1988 ilirudi kwa saa chache, mtu wa Sabato akisema hesabu isiyofuata sheria si hesabu. Na ni wachache waliouita huo uamuzi wa kidini, kwa sababu kufikia wakati huo neno "maadili" lilikuwa limeshahamia chumba cha kulala.

Ruto? Mwaka 2020 na 2021, mkuu wa Hapana alizunguka nchi akiilinda Katiba dhidi ya BBI. Tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikaizima BBI, baada ya kesi iliyobishaniwa kwa sehemu kubwa juu ya ile hoja ya Njoya ya 2004, kwamba kuna sehemu za Katiba Bunge haliwezi kuzigusa peke yake. Tarehe 5 Septemba mwaka huo mahakama hiyohiyo ikathibitisha ushindi wake. Alikuwa Rais kwa hisani ya chombo ambacho, kama angeshinda 2010, kisingekuwepo. Januari 2024 alikuwa akiwashutumu majaji kwa ufisadi kwa sababu wamesimamisha mipango yake. Julai 2025 iliposemekana kwamba kanisa linajengwa ndani ya Ikulu, alisema hataomba mtu msamaha kwa kujenga kanisa. Kifungu cha 8, kwamba hakuna dini ya taifa, kina maneno machache sana na ni rahisi kukipita. Kutoka Ufungamano hadi lango la Ikulu ni mwendo wa miguu tu, barabara ni moja.

Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa, ingawa matendo yenyewe yanabaki kosa. Mbunge Peter Kaluma aliomba uamuzi upitiwe upya, akakataliwa Septemba. Mwezi uliofuata watu waliandamana, na katika maandamano hayo walikuwepo Waislamu na Wakristo pamoja. Kanzu na kola za kikasisi, bango moja. Tangu Ufungamano ya 1999 sikuwa nimesikia picha kama hiyo. Mara hii hawakuwa wakimdai Rais Katiba. Walikuwa wakiilalamikia mahakama.

Na tarehe 30 Juni 2025 ikaja kesi ya urithi kutoka Mombasa. Baba Mwislamu amefariki, ameacha watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na swali ni kama sheria ya Kiislamu inaweza kuwanyima urithi. Kifungu cha 24 kinawaruhusu Waislamu kupunguziwa masharti ya usawa kwa kiasi kinachohitajika kwenye mambo ya Kadhi. Ni kipengele kilekile ambacho mchungaji wetu alisema kitaigeuza Kenya kuwa nchi ya Sharia. Mahakama ya Juu ilisema ruhusa hiyo haifiki huko: mtoto ni mtoto, atarithi. Baadhi ya viongozi wa Kiislamu walitoka wakisema majaji wameingilia dini, kwamba korti haina ruhusa ya kusoma ndani ya Katiba kitu ambacho wananchi hawakukipigia kura. Niliisikiliza taarifa hiyo kwenye redio ya kinyozi, Kawangware, kiti cha kungojea. Jamaa aliyekuwa akinyolewa, mwenye mkufu wa msalaba shingoni, alisema hao maimamu wana pointi.